Kidani cha kifuu: anza na tundu

Mwaka nilioanza kazi hii nilipata oda ya vidani 20 vya kifuu, lile ganda gumu la nazi, kwa ajili ya mashoga wa bibi harusi, hapa hapa Ngamiani, Tanga. Nikavikata vyote, nikavipiga tupa, nikavipiga msasa mpaka vikang'aa kama mbegu ya ubuyu iliyokwisha kulambwa. Nikavipanga mezani, moyo kwatu. Alhamisi usiku ndipo nikashika drili nitoboe matundu ya kupitishia kamba. Cha kwanza kikapita. Cha pili kikalia tak! kikapasuka kutoka kwenye tundu hadi ukingoni. Cha tatu vilevile. Naenda kulala vimebaki 9, na harusi ni Jumamosi.

Ndiyo maana kila anayekuja kujifunza kwangu namwambia: toboa kwanza, kata umbo baadaye. Kifuu kikikataa drili kabla hujakikata, umepoteza dakika mbili. Kikikataa baada ya msasa, umepoteza nusu siku na heshima juu. Mengine nitakayoeleza unaweza kuyageuza upendavyo, ila hilo nakuomba usiliguse.

Tuanze sokoni. Kifuu kizuri ni cha mbata, ile nazi iliyokaukia ndani mpaka nyama ikabanduka, ukiitikisa inagonga. Kifuu chake ni cheusi cheusi, kigumu, na ukikigonga kwa ukucha kinalia kama kigae. Koroma, ile nazi ambayo haijakomaa, achana nalo. Kifuu chake bado kimepauka, kikikauka kinasinyaa na kujikunja, na kidani ulichokata duara kinageuka kijiko. Kipime na unene: ukingoni kiwe angalau milimita 3. Chini ya hapo, ukishakipiga msasa pande mbili unabaki na kitu kama ganda la yai.

Mimi vyangu navipata soko la Mgandini, kwa bibi mmoja anayeuza nazi na kukuna kwa mashine. Vifuu vinarundikana nyuma ya meza yake, na wengi wanaovitaka ni wa kuwashia moto. Siku za mwanzo alikuwa hanielewi kabisa.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Wenzio waja kununua nazi, wewe waja kuchagua takataka. Na wachagua kama mtu anayechagua mchumba!"

Siku hizi ananiwekea za mbata pembeni kwenye kiroba, nami nampa chochote cha soda. Nilipompelekea kidani cha kwanza alikigeuza, akakinusa, akasema, "Hii ndiyo ile takataka?" Anakivaa mpaka leo.

Ukifika nyumbani kwangua nyuzi za makumbi kwa mgongo wa kisu. Zilizong'ang'ania zitoe kwa kigae cha chupa, ukikivuta kuja kwako kama unayenyoa. Ndani sugua kwa mchanga na maji mpaka lile ganda jembamba la kahawia litoke lote, maana likibaki huoza na kunuka. Kisha anika kivulini wiki mbili. Nasema kivulini kwa sababu niliwahi kuvitandaza juu ya bati, jua la Februari, nikawa jikoni nasikia pa, pa, pa, nikadhani jirani anakaanga bisi. Kumbe vifuu vyangu vinapasuka kimoja kimoja.

Sasa tundu, na hapa twende taratibu.

Usitoboe kifuu kizima. Kigawe kwanza kwa msumeno wa chuma, vipande vya ukubwa wa kiganja cha mtoto, halafu chagua mahali patakapokuwa kichwa cha kidani. Kifuu kina mbonyeo kwa ndani, na ukikilaza mezani kinaelea: katikati hakuna kilichokishika. Drili ikishuka, kinakandamizwa kama daraja lisilo na nguzo, kinapasuka. Mimi nilichukua mchi wa kinu uliozeeka, nikaukata ukabaki shubiri moja, nikaukaza kwenye jiriwa, kile kibano cha mezani, kichwa juu. Ule uviringo wa kichwa cha mchi unaingia kwenye tumbo la kifuu kama uliopimwa. Kipande kinakaa juu yake kimetulia, kimeshikwa kila upande, nawe unatoboa kutoka nje kuelekea kwenye mti. Kama huna mchi, chonga kipande chochote cha mti mgumu kiwe na upara.

Weka alama kwa ncha ya msumari, ukiuzungusha kwa mkono mpaka kitokee kishimo kidogo. Bila kishimo hicho ncha ya drili inateleza na kuchora mkwaruzo ambao msasa wa siku nzima hautaufuta. Tumia ncha ya milimita 2. Mwendo wa drili uwe wa polepole, mkono mwepesi, na kila baada ya sekunde tatu nne itoe nje iteme unga. Unga ukitoka wa kahawia na mkavu, unaenda vizuri. Ukisikia harufu ya nazi iliyoungua au ukaona moshi, simama, maana ncha ni butu au unakandamiza. Ukihisi ncha inakaribia kutokeza upande wa pili, geuza kipande umalizie kutoka ndani, ili tundu lisimeguke midomo.

Kisha weka tone la maji juu ya tundu. Kama kuna ufa usioonekana kwa macho, maji yanaufuata na unatokea kama mstari wa penseli. Kipande chenye mstari huo kitupe jikoni kikawashie mkaa, usikionee huruma. Ijumaa ile ya harusi nilitoboa vipande 14 kupata 11 nilivyovitaka. Vitatu vilikufa mapema, vikiwa havijanigharimu kitu, na Jumamosi asubuhi nilipeleka vidani 20.

Wazee wetu maseremala hawakuwa na umeme, walitoboa kwa keekee, ule upinde wenye kamba unaousukuma mbele na nyuma. Babu yangu alikuwa nayo. Kwa kifuu ni chombo kizuri kuliko drili za siku hizi, kwa sababu hakina haraka.

Tundu likishapatikana, chora umbo lako kulizunguka. Kizibo cha soda kinakupa duara la karibu sentimita 3, linalotosha kabisa kwa shingo ya mtu mzima. Acha angalau milimita 4 kati ya tundu na mstari wa ukingo. Kwa anayeanza napendekeza duara, tone la maji au jani. Nusu mwezi inapendeza, ila zile ncha zake mbili zinavunjika ukizitazama tu.

Kata kwa msumeno mdogo wa uzi mwembamba, ule wenye fremu kama herufi U. Meno yaelekee chini, kazi ifanyike unapovuta kushuka, na kipande kikae juu ya ubao uliokatwa mwanya wa V ili msumeno upite katikati ya mwanya. Kwenye kona usigeuze mkono kwa nguvu. Endelea kupandisha na kushusha palepale huku ukizungusha kifuu chenyewe. Kata nje ya mstari kidogo, tupa itamalizia.

Kuna kipande kimoja ambacho hakihitaji tundu lako. Upande nazi ilikoshikamana na shina lake kuna macho matatu. Mawili yameziba kabisa, la tatu ni laini, ndilo mche unakochomozea nazi ikiota. Lile jicho laini lisukume kwa msumari, linazibuka lenyewe. Ukikata kidani kuzunguka macho hayo, jicho lililo wazi likiwa juu, kamba inapita humo na yale mengine mawili yanakutazama kutoka kifuani mwa mtu. Watoto wanavipenda hivyo kuliko vyote. Kwa kila nazi unapata kimoja tu, kwa hiyo navichaji zaidi: shilingi 10,000 badala ya 6,000.

Msasa. Neno lenyewe ni jina la mti, mtini wa porini wenye majani yanayokwaruza kama ulimi wa paka. Babu alikuwa akiyakausha na kusugulia viti. Mimi nanunua wa dukani: namba 120, kisha 240, 400 na 800. Siri ni kutoruka namba. Mikwaruzo ya 120 huitoi kwa 400, unaing'arisha tu. Kuanzia 240 chovya msasa kwenye maji. Kwanza unakata vizuri zaidi, pili vumbi la kifuu ni jembamba na likiingia kifuani linakera siku nzima. Wakati wa tupa na wa namba 120, ambao unafanya pakavu, vaa barakoa na kaa nje.

Kazi hii naifanya barazani kuanzia saa kumi alasiri, redio pembeni, chai ya tangawizi. Kipimo changu cha muda ni taarabu: namba moja ya msasa, wimbo mmoja, nazungumzia zile ndefu zenye vinanda kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Nyimbo nne, kidani kimekwisha. Mashoga wanaopita wanakaa kidogo, wananisimulia ya mtaani, mikono yangu inaendelea. Mume wangu anasema niache kusema uongo kwamba nafanya biashara, nimetafuta tu kisingizio cha kukaa barazani. Hajakosea sana.

Baada ya namba 800 kifuu kinaonekana kimepauka, kijivu, na mwanafunzi huwa anakata tamaa hapo. Subiri. Chukua kijiko kimoja cha nta ya nyuki na vijiko vitatu vya mafuta ya nazi, weka kwenye bakuli, bakuli ndani ya sufuria ya maji yanayochemka mpaka nta iyeyuke. Usiiweke motoni moja kwa moja, nta inashika moto. Ikipoa inakuwa kama mafuta ya mgando. Paka kwa kidole, acha usiku kucha, asubuhi sugua kwa kipande cha jinzi kuukuu. Ule weusi unarudi wote pamoja na mistari ya dhahabu iliyokuwa imejificha ndani, na hakuna vidani viwili vyenye mistari inayofanana.

Wateja wengine wakiona mng'ao huo huniuliza kama ni ng'amba, au kama naweza kuwapatia ya ng'amba. Kasa huyo analindwa kisheria na ganda lake haliuzwi. Nawajibu kwamba mimi na nazi tunatosheana.

Kama unataka pete ya kuning'inizia, tumia waya wa shaba uliotolewa ganda. Ukiwa mgumu, uchome mpaka uwe mwekundu, utumbukize kwenye maji, unalainika kama uzi. Uzungushe kwenye msumari mnene, kata, umepata pete. Kuifungua usiitanue kwa kuvuta ncha mbali mbali, haitarudi duara tena. Shika kwa koleo mbili, ncha moja isogee mbele, nyingine nyuma, kama unayefungua mlango. Shaba ikikutana na jasho huacha kijani shingoni, kwa hiyo mwambie mteja mapema kabla hajarudi na maneno. Limau na chumvi vinaisafisha.

Mimi siku hizi pete nimeacha. Napitisha kamba ya nailoni yenye urefu wa sentimita 90 kwenye tundu na kufunga fundo alilonifundisha mvuvi mmoja, ndilo wanalounganishia mishipi. Laza ncha mbili sambamba zikielekea pande tofauti, zipishane kama sentimita 15. Ncha ya kulia ifunge fundo la kawaida kuzunguka kamba ya kushoto, ncha ya kushoto ifunge kuzunguka kamba ya kulia. Kaza kila fundo peke yake. Ukiyavuta mafundo yaachane kamba inafupika, ukiyakutanisha inarefuka ipite kichwani. Kata mabaki, sogeza kiberiti kwenye ncha mpaka nailoni ifanye kichwa kidogo, ukibonyeze kwa mgongo wa kisu kikiwa bado cha moto. Usitumie kidole, nina alama mbili.