Lisbon kwa siku moja: anzia kwenye dhahabu ya Kilwa

Wageni wengi ninaowatembeza Lisbon huja wakiwa na hamu ya tramu ya manjano tu. Mimi huwapeleka kwingine kwanza, maana mji huu mkuu wa Ureno umehifadhi kitu kilichotoka kwetu pwani.

Usiipange siku hii Jumatatu: makumbusho hufungwa, na monasteri ya Jerónimos, kwenye mtaa wa Belém, pia. Nunua kadi ya Navegante kwenye mashine za stesheni ya metro, uitie yuro kadhaa. Kadi hiyo hiyo utaitumia kwenye metro, basi na tramu.

Hatua ya 1: Dhahabu. Nenda Museu Nacional de Arte Antiga, makumbusho ya taifa ya sanaa ya kale, mtaa wa Janelas Verdes, baada ya kuhakikisha kwenye tovuti yao kuwa pako wazi. Ulizia Custódia de Belém. Ni chombo cha ibada ya Kikatoliki alichokifua sonara Gil Vicente, kikakamilika mwaka 1506. Mfalme Manuel wa Kwanza ndiye aliyekiagiza, na dhahabu yake ni kodi ambayo Vasco da Gama aliitoza Kilwa mwaka 1502 kwa vitisho vya mizinga. Mitume 12, wadogo kama vidole, wamepiga magoti katikati. Kizunguke taratibu. Ufundi wake unastaajabisha, na bado moyo huniuma kila ninapokitazama. Jipe nusu saa nzima, usiharakishe.

Hatua ya 2: Belém. Teremka hadi barabara ya mtoni, panda tramu 15E. Kaburi la da Gama limo ndani ya kanisa la monasteri ya Jerónimos, karibu na mlango. Ukitoka, nenda duka la Pastéis de Belém, wanaooka vipai vya krimu ya mayai tangu 1837. Foleni ndefu ya nje mara nyingi ni ya wanaonunua na kuondoka navyo. Wewe ingia ndani utafute meza. Nyunyiza mdalasini, ule vikiwa moto.

Hatua ya 3: Chakula na manunuzi. Rudi mjini hadi uwanja wa Martim Moniz. Hapo utapata maduka ya viungo, mchele na samli, na mtaa wa Benformoso una mikahawa ya halali. Kwingineko jihadhari: bifana ni mkate wenye nyama ya nguruwe, na hata supu ya mboga, caldo verde, huwekewa kipande cha soseji yake. Mkate na zeituni vikiletwa bila kuagizwa, ukivigusa utavilipia. Ukivikataa mapema hakuna anayechukia.

Jumanne na Jumamosi kuna mnada wa vitu vya mitumba, Feira da Ladra, pale Campo de Santa Clara. Vigae vya zamani viache, vingine vimebanduliwa kwenye kuta za watu. Chukua leso iliyotariziwa. Mwambie muuzaji "lenço", atakuelewa mara moja: neno letu "leso" lilitoka kwa Wareno, kama meza na bendera.

Hatua ya 4: Jioni. Panda kwa miguu hadi Miradouro da Graça, mahali pa juu pa kutazamia mji, kabla jua halijazama. Vaa viatu vyenye soli ya mpira. Mawe ya njia zile huteleza vibaya yakilowa.