Lushoto kwa miguu: anzia sokoni, malizia Irente

Ukifika Lushoto, mji wa milimani kule Tanga, usikimbilie kupanda boda, yani utakosa uhondo wote. Anza asubuhi sokoni, nunua peasi na plamsi za njiani, vaa raba zenye meno maana udongo mwekundu ukilowa unateleza balaa, hasa masika Machi mpaka Mei.

Njia ya kwenda mwamba wa Irente ndo naipenda kuliko zote, ni kama kilomita 5 mpaka 7 hivi toka mjini, unapanda taratibu katikati ya mashamba ya kabichi na migomba, watoto wanakusalimia, ukifika kule mwambani unaona kijiji cha Mazinde kiko chini kabisa na nyika ya Wamasai inaenda mpaka macho yanachoka. Msisogelee ukingo jamani, hasa mkiwa na watoto. Njiani kuna Irente Farm, pale pumzika ule mkate na jibini yao, tamu mno.

Ukitaka msitu nenda Magamba, ila huko chukua mwongoza watalii na lipa kiingilio kwanza, halafu tembeeni kimyakimya ndo mtawaona mbega. Juni na Julai beba sweta, baridi ya kule siyo ya mchezo.