Pilipili mbuzi itie nzima
Ukitaka maharage ya nazi yanukie pilipili mbuzi bila kuwatoa watoto machozi, usiikate. Ioshe, iache na kikonyo chake, ielee juu ukishatia tui zito, moto mdogo, dakika kumi hivi, kisha iopoe. Harufu hupenya ganda. Ukali wenyewe umekaa kwenye utando mweupe wa ndani unaoshika mbegu (si kwenye mbegu, kama wengi tunavyodhani). Chagua ngumu isiyo na ufa, maana iliyoiva mno hupasuka, na hapo mchuzi wote umekwisha. Kwenye sufuria ya presha usijaribu kabisa. Ikishaingia, mwiko weka pembeni, tikisa sufuria tu. Mpenda ukali aiponde sahanini kwake kwa chumvi na ndimu.