Namna ya kumshika mkono mwanafunzi wa sayansi aliyetoka kijijini

Kama we ni mwalimu wa chuo, au umemtangulia tu mwaka mmoja, usikae unangoja mwanafunzi aliyetoka kijijini aje kuuliza, haji. Anaona wenzake wote wanajua, anaogopa kuchekwa, ananyamaza mpaka matokeo yanatoka ana sapu tatu, yaani mitihani ya kurudia.

Mfuate wewe, wiki ya kwanza kabisa, na uanze na vitu vidogo. Kuna binti nilimkuta maabara anaandika tu namba anazosomewa na wenzake, bureti, lile bomba la kioo lenye koki la kupimia kimiminika, hajaigusa, kumbe shuleni kwao praktiko walichorewa ubaoni. Tukabaki wawili baada ya kipindi nikamwonyesha, mkono wa kushoto kwenye koki, wa kulia unazungusha chupa, macho usawa wa maji, soma pale chini maji yanapobonyea, akamimina akapitiliza mara mbili, ya tatu rangi ikageuka kwa tone moja tu akapiga makofi mwenyewe. Hata dakika 40 hazikuisha. Kompyuta vilevile, kuseivu faili na kupanga folda kwanza ndo koding ifuate, na mausi aishike yeye siyo wewe.

Halafu vikundi, na hapa naomba usikilize vizuri. Miaka ya 1970 Uri Treisman wa chuo kikuu cha Berkeley kule Marekani alifuatilia kwa nini wanafunzi weusi wanafeli hesabu za kalkulasi, akakuta uvivu hakuna, wanasoma sana ila kila mtu kivyake, wakati wenzao wenye asili ya China wanakaa pamoja wanakosoana. Akaanzisha vikundi vya maswali magumu, matokeo yakapanda. Maswali magumu jamani! Ukikiita kipindi cha walio nyuma hakuna atakayekuja. Wanne wanne inatosha, ila kama wasichana darasani ni wachache usimtupe mmoja mmoja kila kundi, waweke hata wawili wawili.

Lekcha tupu nayo ipunguze, tafiti 225 zilizojumlishwa mwaka 2014 zilionyesha wanaosikiliza tu wana uwezekano wa kufeli mara moja na nusu ya wanaoshirikishwa.

Notsi ziwe faili jepesi analodaunlodi mara moja, bando haidumu. Tarehe za mwisho za kuomba mkopo na ufadhili mkumbushe mapema, nyumbani hakuna aliyepita huko wa kumwambia. Na akikosa vipindi viwili mfululizo mpigie simu siku hiyohiyo, meseji hatajibu.