Umeanza kazi juzi, umepata nzuri zaidi: namna ya kuondoka kwa utaratibu

Kazi yangu ni kuajiri na kusimamia wafanyakazi hapa Tanga, na barua za kuacha kazi hupitia mezani kwangu. Mtu ameingia ghalani mwezi jana, leo anaitwa bandarini kwa mshahara mkubwa zaidi. Aende, riziki haikataliwi. Kinachoniuma ni wale wanaoona haya kuaga, wakazima simu na kupotea, kumbe sheria imewawekea njia fupi.

Hatua ya 1: Pata mkataba mpya kwanza. "Tumekuchagua" ya kwenye simu si kazi. Subiri karatasi yenye saini, mshahara na tarehe ya kuanza. Wakitaka uanze Jumatatu, waeleze kwamba una notisi ya kumaliza, yaani siku za kazi unazodaiwa baada ya kuaga. Mwajiri makini atasubiri.

Hatua ya 2: Soma mkataba ulio nao. Hapa tulia. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinasema notisi ikitolewa ndani ya mwezi wa kwanza wa kazi, isipungue siku 7. Mwezi huo ukipita, anayelipwa kwa mwezi anatoa siku 28. Wa kutwa au wa wiki, siku 4. Mkataba unaweza kutaja muda mrefu zaidi, mradi uwe sawa kwako na kwa mwajiri. Tuseme ulianza tarehe 3. Ukitoa barua tarehe 25, unadaiwa siku 7. Ukisitasita hadi tarehe 10 ya mwezi unaofuata, ni 28, na nafasi mpya inaweza kupewa mwingine.

Mkataba wa muda maalumu, tuseme wa mwaka mmoja, una masharti mengine. Kanuni za Utendaji Bora za 2007 hazikuruhusu kuuacha njiani ila kama mwajiri ameuvunja kwa jambo kubwa. Kama hajauvunja, omba mkubaliane kuumaliza mapema, na makubaliano hayo yaandikwe.

Hatua ya 3: Sema kwanza, kisha andika. Bosi asisikie habari zako kwa watu wa mtaani Ngamiani. "Shikamoo mzee, naomba dakika tano" inatosha kuanzia. Usiiponde kampuni, wala usitaje mshahara mpya ili kupandisha dau, kama huna nia ya kubaki. Barua iwe fupi:

"Naacha kazi kwa kuwa nimepata ajira nyingine. Siku yangu ya mwisho kazini ni Ijumaa, tarehe … Nitakabidhi kazi kwa mtu utakayemteua."

Sheria inataka notisi iwe ya maandishi, yenye sababu na tarehe inapotolewa. Chapa nakala mbili, yako irudi na saini ya aliyeipokea, tarehe na mhuri. Usiitoe ukiwa likizo. Notisi haitolewi wakati huo.

Hatua ya 4: Fanya kazi siku za notisi. Ukizikataa, mwajiri anaruhusiwa kukata malipo ya siku hizo kwenye pesa unazomdai. Zitumie kukabidhi. Kama ulishika ghala la mkonge, ingia na anayekupokea, mhesabu robota kwa robota mkiwa na kitabu cha stoo mkononi. Kitabu kikisema 212 na mkahesabu 209, tofauti iandikwe siku hiyohiyo, wote wawili msaini. Hilo ndilo litakalokulinda ukipigiwa simu miezi mitatu baadaye.

Hatua ya 5: Siku ya mwisho, dai mshahara wa siku ulizofanya kazi na cheti cha utumishi, vyote vimo kifungu cha 44 cha sheria hiyohiyo. Kiinua mgongo usikitarajie, hicho ni cha aliyetimiza angalau miezi 12 na kuachishwa na mwajiri. Namba yako ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, unahama nayo, usifungue nyingine. Ukinyimwa mshahara, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi, ndani ya siku 60, ukiwa na mkataba na ile nakala yenye mhuri.