Kumsaidia mwanamke aache kujiuza: mwongozo wa maqasid kwa kamati za misikiti Mbeya

Maqasid ni makusudio ya Sheria ya Kiislamu, nayo imekuja kulinda dini, nafsi, akili, nasaba na mali. Kamati nyingi zikisikia dini imetajwa mwanzo, zinaanza na mawaidha, na dada harudi tena. Kwenye hatari ya papo hapo anzeni na nafsi. Hata swala hukatishwa kumwokoa anayezama.

Watumwe akina mama wawili, mchana, wakutane naye mbali na gesti. Kama alibakwa au kondomu ilipasuka, afike kituo cha afya ndani ya saa 72 apewe dawa za kinga ya VVU, azimeze siku 28. Apime pia mimba, kwa sababu nasaba huvurugwa na wanaokimbilia kumwozesha wiki hiyo hiyo. Akiwa chini ya miaka 18 hakuna kikao cha familia: nendeni Dawati la Jinsia na Watoto polisi, au pigeni 116.

Mali ndiyo inayowarudisha wengi. Kaeni naye mwandike madeni yote: mikopo ya riba kubwa ya kausha damu, kodi ya chumba, simu aliyoweka rehani kwa mwenye gesti. Mwislamu aliyetubu hulipiwa katika fungu la zaka la wenye madeni (Tawba 60). Kwa idhini yake, mlipeni mdai moja kwa moja na mchukue risiti. Mkristo, na Mbeya ndio wengi, msaidieni kwa sadaka. Msichanganye masanduku hayo mawili.

Ujira wa uzinzi ni haramu kwa hadithi sahihi. Hata hivyo, mwanachuoni Ibn Taymiyya alimruhusu aliyetubu akiwa fukara achukue humo kiasi cha haja yake. Mkimwambia azitupe pesa zote leo, usiku atakuwa barabarani.

Mtaji uwe vifaa vya kazi, kama alivyoeleza Imam Nawawi kuhusu zaka anayopewa fundi. Jiko la mkaa, sufuria mbili, chupa za chai na unga wa kuanzia vinatosha kibanda cha uji na chapati, na baridi ya Juni Mbeya huleta wateja yenyewe. Ila aliyetoka kwenye maegesho ya malori Tunduma msimfungulie umama lishe palepale. Wateja ni walewale.

Heshima yake nayo inalindwa. Anayemtuhumu mwanamke mwenye kujihifadhi kwa uzinzi bila mashahidi wanne, Qurani (Nur 4) imempangia viboko 80. Kwa hiyo daftari liwe na namba badala ya jina, picha zisipigwe, na msaada usitangazwe Ijumaa. Mfuatilieni hadi kodi ya mwezi wa tatu ilipwe kwa faida ya kibanda.