Namna ya kupima mfumuko wa bei kwa daftari lako mwenyewe

Kila mwezi Ofisi ya Taifa ya Takwimu hutangaza mfumuko wa bei, yaani bei zimepanda kwa asilimia ngapi katika mwaka mmoja, na kila mwezi wapo wanunuzi katika soko la Mwanjelwa, jijini Mbeya, wanaouliza inakuwaje nchi itajiwe asilimia tatu ilhali mchele wa Kyela umewapandia zaidi ya hapo. Swali hilo ni la haki. Namba inayotangazwa ni wastani wa nchi nzima, na katika kapu la bidhaa na huduma linalotumika kuikokotoa, chakula na vinywaji visivyo na kilevi vimepewa uzito wa takribani asilimia 28, ilhali kaya yenye kipato kidogo hutumia sehemu kubwa zaidi ya fedha zake jikoni. Anayetaka kujua fedha yake inapungua thamani kwa kasi gani hana budi kuipima mwenyewe.

Chagua vitu kumi unavyonunua mara kwa mara, kisha uandike bei ya kila kimoja pamoja na kipimo chake. Nasisitiza kipimo kwa sababu sokoni bei nyingi hupanda kimyakimya. Fungu la nyanya la shilingi 500 lililokuwa na nyanya tano likibaki na tatu, muuzaji bado atakwambia kwa ukweli kabisa kwamba ni 500, lakini kila nyanya imetoka shilingi 100 na kufika karibu 167, yaani imepanda kwa theluthi mbili. Ndivyo ilivyo pia kwa sado (kindoo cha kupimia) ya maharage iliyokuwa ikijazwa kwa kilele na sasa inasawazishwa kwa kiganja. Inapowezekana, pima kwa kilo.

Usilinganishe mwezi huu na mwezi uliopita. Katika nyanda zetu mahindi huvunwa katikati ya mwaka, bei ikashuka, kisha ikapanda kadiri ghala zinavyokwisha, kwa hiyo anayelinganisha Julai na Februari anapima msimu tu. Linganisha Julai na Julai: toa bei ya mwaka jana katika bei ya sasa, gawanya jibu kwa bei ya mwaka jana, kisha zidisha kwa 100. Halafu angalia kila kitu kinachukua kiasi gani cha matumizi yako, kwani chumvi ya shilingi 500 ikipanda kwa nusu inakuongezea 250, lakini mchele unaokugharimu 30,000 kwa mwezi ukipanda kwa asilimia kumi unakuongezea 3,000.

Kosa ninalolisikia mara nyingi ni kudhani kwamba mfumuko ukishuka kutoka asilimia tano hadi tatu, bei zimeshuka. Kilichopungua ni kasi ya kupanda. Bei zenyewe zimeendelea kupanda. Benki Kuu hulenga mfumuko wa kati ya asilimia tatu na tano, na hata kwa mwendo huo wa upole fedha iliyofichwa chini ya godoro inaliwa: kwa asilimia nne kwa mwaka, thamani yake hubaki nusu baada ya miaka 18 hivi. Wazee waliopitia miaka ya 1980, mfumuko ulipokuwa karibu asilimia 30, waliona nusu hiyo ikipotea ndani ya miaka mitatu. Ndiyo maana riba ya akiba isomwe sikuzote pamoja na mfumuko, kwani anayelipwa asilimia mbili wakati bei zinapanda kwa tatu anazidi kupoteza, ingawa salio lake linaongezeka.

Fuatilia pia mafuta ya petroli na dizeli. EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, hutangaza bei kikomo, yaani bei ya juu inayoruhusiwa, Jumatano ya kwanza ya mwezi, na kwa kuwa bidhaa nyingi za dukani hutufikia kwa lori kupitia barabara ya zaidi ya kilomita 800 kutoka Dar es Salaam, gharama ya mafuta hayo huingia katika bei ya sabuni na sukari.

Kwa mkulima napendekeza kipimo kingine, nacho nakiamini kuliko vyote: mfuko wa mbolea ya urea wa kilo 50 unanunuliwa kwa madebe mangapi ya mahindi? Mahindi yakipanda kwa asilimia kumi na urea kwa asilimia 25, noti mkononi zimeongezeka, lakini mfuko uliopatikana kwa madebe kumi sasa unahitaji zaidi ya kumi na moja. Ukurasa wa mwisho wa daftari langu nimeutengea hesabu hiyo, mstari mmoja kwa kila msimu, na huufungua kabla sijakubaliana bei na mnunuzi yeyote anayekuja na lori lake shambani.